Wong Kim Ark na Wanawe: Habari za Ukoo Mmoja wa Wachina

Kila mwalimu aliyepata kushika daftari la majina ajua taabu yake. Mtoto aja shuleni kwa jina alilopewa na bibi yake, mwaka wa pili aandikisha lingine, na siku ya ubatizo apata la tatu. Miaka arobaini ikiisha kupita, mjukuu wake aja kuuliza habari za babu yake, nasi twapekua kurasa tusimwone. Herufi moja iliyopotoka yaweza kuukata ukoo kama panga likatavyo mgomba, ila mgomba huchipua tena.

Tumependa kulieleza jambo hili kwa habari za ukoo mmoja wa Wachina waliohamia Marekani katika karne ya kumi na tisa. Tumewachagua hao kwa sababu habari zao ziliandikwa kwa wingi na kwa uangalifu mkubwa, na waandishi wake walikuwa makarani waliowekwa kuwazuia wasiingie. Mara nyingi maandishi ya adui ndiyo yaliyosalia, na ya rafiki yameliwa na mchwa.

Kwanza tutaje mahali walipotoka. Kusini ya China, katika jimbo la Guangdong, Mto wa Lulu wagawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Upande wa magharibi wa matawi hayo zilikuwako wilaya nne zilizoitwa pamoja Sze Yap, yaani Wilaya Nne, na mojawapo ni ile iitwayo Taishan tangu mwaka 1914, ambayo zamani iliitwa Sunning. Ni nchi ya vilima, mashamba ni madogo, na watu ni wengi. Dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, habari ikafika huko kwa njia ya Hong Kong, na vijana wakaanza kusafiri. Marekani wakaiita kwa Kikantoni Gam Saan, maana yake Mlima wa Dhahabu, na jina hilo likadumu hata baada ya dhahabu kupungua. Wengine wakachimba dhahabu. Baadaye zaidi ya elfu kumi wakafanya kazi ya kutoboa milima na kutandika reli iliyotoka Sacramento kuelekea mashariki, kazi iliyomalizika mwaka 1869. Wengine wakawa madobi, wapishi, wavuvi, na wenye maduka. Hawakuja na nia ya kukaa milele. Mtu aliacha mke kijijini, akapeleka fedha nyumbani, naye akitumaini kurudi kuzikwa kwao. Na aliyefia ugenini, wenzake walifukua mifupa yake baada ya miaka, wakaisafisha na kuirudisha kwa jamaa zake. Desturi hii tuikumbuke, maana bila ya kuijua hatutafahamu kwa nini mtu aliyeshinda kesi ili akae Marekani alirudi China mwisho wa maisha yake.

Katika mji wa San Francisco, katika njia iitwayo Sacramento, alizaliwa mtoto wa kiume mwaka 1873. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, jina lake Wong Si Ping, na mama yake Lee Wee. Mtoto akaitwa Wong Kim Ark.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo juu ya majina. Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu mwenyewe hufuata. Basi Wong ni ukoo. Kwa lugha ya serikali ya China neno lilo hilo husomwa Huang. Kim maana yake ni dhahabu, na Ark ni wema au fadhila. Neno hilo la mwisho watu wa mji wa Canton hulitamka dak, lakini watu wa Taishan huiacha ile d ya mwanzo. Kwa hiyo herufi tatu zilizoandikwa na karani wa Kizungu, ambaye pengine hakujua maana yake, zatuonyesha mpaka leo mtu huyu asili yake ni wilaya gani. Twashukuru kwamba karani aliandika alivyosikia. Laiti angalijaribu kusahihisha, tungalipoteza ushahidi huo.

Si wote waliopata bahati hiyo. Wapo waliojitaja kwa jina la mazoea lenye Ah mbele yake, kama vile sisi tunavyoweza kumwita mtu kwa jina la utani, na karani akaandika Ah kuwa ndilo jina la ukoo. Wapo pia waliogeuziwa majina nyuma mbele. Mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa Los Angeles aliitwa Fong See, na ukoo wake ni Fong. Lakini Wazungu walidhani jina la mwisho ndilo la ukoo, kama ilivyo desturi yao, na wajukuu zake wakaitwa See. Mwandishi Lisa See, aliyetoa kitabu cha habari za jamaa hiyo mwaka 1995, hulitumia jina hilo. Tena mwanamume wa Kichina, alipooa, alipewa jina jingine la utu uzima. Hivyo mtu mmoja angeweza kuwa na jina la utoto, la shule, la ndoa, na la makarani, yote ni ya haki, na asiwe mwongo hata kidogo.

Tuendelee na habari yetu. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, ikakataza pia wahamiaji wa Kichina wasipewe uraia. Waliobaki na ruhusa ni wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, wasafiri na wajumbe wa serikali. Sheria nyingine zikafuata. Ile ya mwaka 1888 ilivunja vyeti walivyopewa vibarua waliokwenda kwao kwa muda, na watu wapatao 20,000 waliokuwa nje wakakuta vyeti vyao ni karatasi tupu. Ile ya mwaka 1892 iliwalazimisha waliomo nchini kuwa na cheti cha ukazi.

Wazazi wa Wong Kim Ark walirudi China mwaka 1890. Kijana naye alikwenda, akaoa katika wilaya ya Taishan, akarudi San Francisco mwezi wa Julai mwaka uo huo, akaruhusiwa kuingia kwa kuwa ni mzaliwa. Kazi yake ilikuwa upishi. Mwezi wa Novemba 1894 akasafiri tena kumtazama mkewe na mwanawe. Safari hii alichukua hati iliyotiwa sahihi na Wazungu watatu walioshuhudia kwamba wamjua, na kwamba alizaliwa mjini mle, pamoja na picha yake. Aliporudi kwa meli Coptic, Agosti 1895, mkuu wa forodha akakataa asishuke. Akakaa bandarini muda wa miezi mitano, akihamishwa kutoka meli moja hata nyingine, hali auona mji aliozaliwa.

Neno lililoshindaniwa lilikuwa hili: je, mtoto hufuata damu ya baba yake, au nchi anamozaliwa? Mawakili wa serikali walisema kwamba baba na mama ni raia wa mfalme wa China, basi mtoto ni wa mfalme huyo pia, hata akizaliwa wapi. Wakubwa wa vyama vya Wachina mjini walitoa gharama za mawakili kwa upande wake. Badiliko la Kumi na Nne la Katiba, la mwaka 1868, lilikuwa limesema kwamba wote waliozaliwa Marekani na walio chini ya sheria zake ni raia. Jaji wa kwanza akampa haki mwezi wa Januari 1896, serikali haikuridhika, na tarehe 28 Machi 1898 Mahakama Kuu ikatoa hukumu, majaji sita kwa wawili, kwamba Wong Kim Ark ni raia. Hukumu iliandikwa na Jaji Horace Gray, naye aliitegemea sheria ya zamani ya Waingereza, kwamba mwenye kuzaliwa chini ya ulinzi wa mfalme ni mtu wa mfalme huyo. Jambo la ajabu ni kwamba baba yake, hata angalikaa Marekani miaka hamsini, asingalipewa uraia, na mwana alikuwa nao tangu pumzi ya kwanza.

Wako wadhanio kwamba habari yaishia hapo. Miaka mitatu baadaye, 1901, raia huyu alikamatwa El Paso, katika jimbo la Texas, kwa shaka kwamba hana haki ya kuwapo nchini, ikambidi kuthibitisha upya. Hukumu ya mahakama ilikuwa vitabuni. Uso wake ndio walioutazama askari. Na tangu hapo kila aliposafiri ilimlazimu kujaza hati, kubandika picha, na kuleta mashahidi. Picha hizo zipo. Ukizipanga kwa miaka yake, wamwona kijana akizeeka machoni pako.

Tarehe 18 Aprili 1906 nchi ilitetemeka San Francisco, na moto uliofuata ukauteketeza mji, pamoja na madaftari ya uzazi yaliyokuwa katika nyumba ya baraza. Kwa Wachina wengi msiba huo ulikuwa pia mlango. Mtu yeyote aliyepata mashahidi aliweza sasa kusema kwamba alizaliwa mjini na kwamba cheti chake kiliungua, wala hakuna wa kumkanusha. Akiisha kukubaliwa kuwa raia, watoto wake waliozaliwa China nao walihesabiwa kuwa raia. Basi kila aliporudi kutoka safari ya nyumbani alitangaza kwamba amezaliwa mwana, naye akaandikwa. Pengine ni kweli mwana alizaliwa. Pengine alizaliwa binti, au hakuzaliwa mtu, na ile nafasi katika daftari ikauzwa kwa mtoto wa jirani au wa ukoo mwingine. Hao ndio walioitwa wana wa karatasi.

Serikali haikuwa haijui. Kwa hiyo katika Kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco, ilifungua kituo mwezi wa Januari 1910, na watu wakawekwa humo mpaka wamalize kuulizwa. Wengine walikaa siku chache, wengine miezi, na wachache karibu miaka miwili. Mume na mke hawakuruhusiwa kuonana kabla ya maswali kwisha. Maswali yenyewe yastahili kuelezwa, maana ni mengi na ya ajabu: Nyumba yenu ina madirisha mangapi? Mlango waelekea wapi? Nani akaa nyumba ya tatu katika safu ya pili? Kisima ki upande gani wa kijiji, na maji yake huchotwa na nani? Pipa la mchele lasimama chumba gani? Ngazi ina vidato vingapi? Bibi yako mzaa mama alifungwa miguu au la? Kisha baba, ambaye huenda hajafika kijijini kwa miaka kumi, aliulizwa yayo hayo peke yake, na majibu yakalinganishwa. Wasomaji na wajaribu wenyewe: ni wangapi wetu wajuao hesabu ya vidato vya ngazi ya shule wafundishayo?

Kwa hiyo aliyekuja kwa jina la uongo alipewa kabla ya safari daftari la majibu, akalikariri kama mwanafunzi akaririvyo somo, na kulitupa baharini kabla ya kufika. Na aliyekuja kwa jina la kweli naye alikariri, kwa kuwa ukweli peke yake haukutosha. Mtoto asemaye kweli huweza kusahau pipa la mchele, na mwongo aliyefundishwa vema hasahau.

Ndivyo ilivyowapata watu wa nyumba ya Wong Kim Ark. Mwana wake mkubwa, aliyeandikwa Wong Yoke Fun, alifika mwaka 1910. Akaulizwa, na baba akaulizwa. Majibu hayakupatana katika mambo fulani, na maafisa wakakataa kuamini kwamba ni baba na mwana. Akarudishwa China. Hivyo mtu aliyeiweka sheria ya uraia wa kuzaliwa kwa jina lake hakuweza kumwingiza mwanawe wa kwanza. Wengine watatu waliandikwa kuwa wanawe, nao waliingia baadaye: Wong Yook Sue mwaka 1924, Wong Yook Thue mwaka 1925, na wa mwisho, Wong Yook Jim, mwaka 1926, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Wasomaji wameliona neno Yook, au Yoke, katika majina yote manne. Hilo ni neno la kizazi. Koo nyingi za Kichina zina shairi fupi lililotungwa na wazee, na kila kizazi huchukua neno moja la shairi hilo kwa zamu. Ndugu na binamu wa rika moja hushiriki neno moja. Mwenye kujua shairi, akikutana na mtu wa ukoo wake asiyemjua, aweza kusema mara moja kama ni wa kuamkiwa kama mjomba au kama mwana. Ni desturi nzuri sana kwa mwenye kufuatilia nasaba. Lakini mwana wa karatasi naye alipewa neno la kizazi la ukoo alioununua, kwa hiyo alama ile ile ituongozayo ndiyo iwezayo kutupoteza. Ndiyo sababu tumesema “walioandikwa”.

Uongo huu, ambao twasita kuuhukumu, uliacha jeraha katika nyumba nyingi. Mtu aliishi Marekani miaka thelathini kwa jina la ukoo usio wake, akazaa watoto, wakaandikishwa shuleni kwa jina hilo, wala hakuthubutu kuwaambia. Watoto walikatazwa kuuliza. Mwanahistoria Him Mark Lai, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1925, alikuwa mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Baba yake aliingia kwa jina la Lai, na ukoo wake wa haki ni Mark. Wazazi wakalificha jina la kweli katikati ya jina la mtoto, na aliyelisoma hakushuku kitu. Mtu huyu aliyebeba majina mawili ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kukusanya habari za Wachina wa Marekani. Tangu mwaka 1991 alishirikiana na wenzake kuwachukua vijana mpaka vijiji vya babu zao. Naye alifariki mwaka 2009.

Sheria ya kuwazuia ilifutwa Desemba 1943, China ikiwa rafiki wa Marekani katika vita, na idadi ya watu 105 kwa mwaka ikaruhusiwa. Kuanzia mwaka 1956 hata 1965 serikali iliwaita wenye majina ya uongo wakiri, na zaidi ya 13,000 wakakiri. Lakini kila aliyekiri alitaja ndugu zake wa karatasi, na kwa neno lake moja watu wengine kumi waliweza kufunuliwa. Wengi waliona heri kunyamaza mpaka kaburini.

Anayetaka kuzitafuta nasaba hizi leo ana njia mbili. Ya kwanza ni kitabu cha ukoo, kilichowekwa kijijini. Vitabu hivyo vyafika nyuma vizazi ishirini na zaidi, lakini vingi viliteketezwa China katika machafuko yaliyoanza mwaka 1966, tena mabinti kwa desturi hawakuandikwa humo. Ya pili ni majalada ya maafisa wa uhamiaji, ambayo sehemu yake kubwa imewekwa San Bruno, karibu na San Francisco, katika nyumba ya hifadhi ya serikali. Mjukuu akifungua jalada akuta picha ya babu yake akiwa kijana, na ramani ya kijiji iliyochorwa kwa majibu yake, kisima, safu za nyumba, majina ya majirani, ndugu waliokufa wachanga. Hakuna kitabu cha ukoo chenye habari za namna hiyo. Wengine wamekwenda China na nakala za kurasa hizo mkononi, wakakiona kisima mahali pale pale. Walakini yampasa asome kwa hadhari, akilinganisha ushuhuda wa mwaka mmoja na wa mwingine. Na akikuta jibu lililonyooka mno, basi alitilie shaka kuliko lile lililosita.

Wong Yook Jim alikua Marekani, akaitwa jeshini katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akafanya kazi katika meli za biashara. Baba yake alijaza hati yake ya mwisho ya safari mwaka 1931, akiwa mzee, akaenda China, asirudi tena. Mwezi wa Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto waliozaliwa Marekani, na jina la mpishi huyo likatajwa tena mahakamani na magazetini, na kitukuu chake mmoja alisimama mbele ya watu kulitetea.

Limesalia jambo moja. Mke wa Wong Kim Ark, aliyebaki kijijini akilea wana huku mumewe yu ng'ambo ya bahari, ameandikwa katika majalada Yee Shee. Wengi hudhani hilo ni jina lake. Shee si jina. Maana yake ni mwanamke aliyezaliwa katika ukoo fulani, na maneno yote mawili ni kama kusema “binti wa akina Yee”. Mumewe aliulizwa habari zake, na watoto pia, nao walijibu hivyo hivyo. Ndivyo mke alivyotajwa kwa heshima mbele ya wageni, na karani akaona yatosha.